Kazi za mtandaoni: sharti la nchi litajwe mlangoni

KISA hiki kimekuwa cha kawaida mno, kiasi kwamba jina la kijiji chochote laweza kuwekwa hapo. Kijana wa Mbozi, mkoani Songwe, aliyemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani kulima, anamwomba baba yake wauze magunia kadhaa ya mahindi ili anunue laptop iliyotumika. Amesikia kwa wenzake kwamba kuna kampuni za nje zinazolipa dola kwa kazi ndogondogo: kujibu maswali ya utafiti wa soko, kutambua vitu katika picha, kuandika maneno yaliyosikika katika sauti iliyorekodiwa. Mzee anasita, kisha anakubali.

Mwanzo unakwenda vizuri. Tovuti inampokea, inachukua jina lake, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa na picha ya kitambulisho. Inamfanyisha mtihani, anafaulu. Inampa kazi, anafanya. Kila jioni anaona akaunti yake ikiongezeka senti kwa senti, na nyumba nzima inaanza kuamini.

Siku salio linapofika kiwango cha chini cha kutoa fedha, anabofya mahali pa malipo. Inafunguka orodha ya nchi. Inaanza na Argentina, Australia, Austria, inateremka hadi Sweden na Thailand, na Tanzania haimo. Akiandika kwa huduma ya wateja anajibiwa siku tatu baadaye kwamba huduma hiyo haipatikani katika eneo lake kwa sasa na kwamba wanasikitika kwa usumbufu.

Si kila kijana hukutana na mlango huo mwishoni kabisa. Wapo wanaojibu maswali ya utafiti kwa dakika 15, na swali la 16 likawa la nchi wanayoishi, kisha ukurasa ukafungwa. Wapo waliotengeneza video kwa miezi, wakapata watazamaji kwa maelfu, ndipo wakagundua kwamba mpango wa kulipa watengenezaji haujafika kwao. Tofauti ni muda tu uliopotea kabla ya kuambiwa.

Muda huo una bei, na mkulima aijue. Tuseme kijana huyo ametumia bando la shilingi 2,000 kwa siku kwa siku 40. Hizo ni shilingi 80,000. Siku hizo ziliangukia kwenye palizi, kwa hiyo ikabidi mzee aite vibarua kwa ekari mbili, tuseme kwa shilingi 40,000 kila ekari. Hizo ni shilingi 80,000 nyingine. Jumla ni shilingi 160,000, bila kuhesabu laptop wala fedha ya kuichajisha kwa jirani mwenye umeme.

Salio lililoonekana kwenye akaunti ni dola 62. Kwa kubadilisha dola moja kwa shilingi 2,500, ni shilingi 155,000. Maana yake ni kwamba hata kama angelipwa yote, bila makato ya kutuma wala ya kubadilisha, angekuwa amepata hasara ya shilingi 5,000. Kwa kuwa hakulipwa, hasara ni shilingi 160,000 kamili. Hesabu ya namna hii ndiyo ambayo wanaosifia kazi za mtandaoni kwenye semina za ujasiriamali huwa hawaifanyi ubaoni.

Jambo hili si geni. Kampuni ya Amazon ilipoanzisha Mechanical Turk mwaka 2005, soko la kazi ndogondogo zinazofanywa kwa kompyuta, kwa miaka mingi waliolipwa fedha kupitia benki walikuwa wa Marekani na India. Wengi wa nchi nyingine walipewa salio la kununulia bidhaa katika duka la Amazon lenyewe. Mtu wa Sumbawanga afanye nini na salio la duka lililoko Marekani? Ni mwaka 2019 ambapo malipo ya benki yaliongezwa kwa baadhi ya nchi nyingine.

PayPal nayo kwa miaka mingi imemruhusu mteja wa Tanzania kulipa, lakini si kupokea. Mfanyabiashara wa vikapu wa Iringa mwenye mnunuzi Ujerumani anaweza kuitumia kununua nyuzi na rangi nje ya nchi. Mnunuzi akitaka kumlipa kwa njia hiyo hiyo, haiwezekani. Mwenzake wa Kenya amekuwa na nafuu, na tangu mwaka 2018 ameweza hata kuhamishia fedha hizo kwenye M-Pesa. Mpaka wa Namanga, ambao ng'ombe na nyanya huvuka kila siku, kwenye intaneti umegeuka ukuta.

TikTok, ambayo leo iko kwenye simu za vijana wengi hadi minadani, ina mpango wa kuwalipa watengenezaji wa video, lakini masharti yake yametaja nchi chache, zikiwamo Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Japani, Korea Kusini na Brazili. Haki isemwe: orodha hiyo imeandikwa. Tatizo ni kwamba haikuwekwa pale ambapo kijana anajiandikisha. Ipo ndani, katika kurasa za masharti zilizoandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na asiyejua kwamba kuna orodha hawezi kwenda kuitafuta.

Hata nchi iliyomo kwenye orodha leo haina hakika ya kesho. Machi 2024, jukwaa la Remotasks la kampuni ya Scale AI ya Marekani lilisitisha kazi zake nchini Kenya, ambako vijana wengi walikuwa wakiishi kwa kuandaa takwimu za kufundishia kompyuta. Waliolipa kodi ya nyumba na karo kwa kipato hicho waliamka asubuhi na kukuta mlango umefungwa.

Sababu za kampuni hizi kubagua nchi zinaeleweka, na si zote ni dharau. Kutuma fedha kunabanwa na sheria za kuzuia utakatishaji. Tanzania iliwekwa katika orodha ya kijivu ya chombo cha kimataifa kinachosimamia mapambano hayo, FATF, Oktoba 2022, na ikatolewa Juni 2025. Uganda ilikaa humo tangu 2020 hadi 2024, na Kenya ikaingizwa Februari 2024. Kwa benki ya nje, nchi iliyo kwenye orodha hiyo ni gharama zaidi ya ukaguzi, na kampuni yenye wafanyakazi wachache kijijini huona heri kuiacha kabisa kuliko kuajiri mtu wa kukagua nyaraka.

Sababu nyingine ni ya kibiashara tu. Anayelipia utafiti wa soko la sabuni Canada anataka maoni ya mnunuzi wa Canada. Anayetangaza magari mapya hatalipa sana kwa mtazamaji asiyeweza kuyanunua. Hakuna mkulima atakayeshangaa hapo, kwani naye hapeleki maparachichi yake kwenye soko lisilokula maparachichi.

Kwa hiyo hoja si kwamba kampuni ya nje ilazimike kumlipa kila mtu duniani. Mnunuzi ana haki ya kuchagua anunue wapi. Asicho na haki nacho ni kupokea mzigo, kuupima, kuutumia, halafu akauliza umetoka wilaya gani.

Wakulima wanaolima maharage mabichi kwa ajili ya Ulaya wanalijua hili vizuri. Masharti ya soko lile ni magumu, na kiwango cha mabaki ya dawa kinachoruhusiwa kwenye maharage kimewaumiza wengi. Lakini kiwango hicho kimechapishwa, afisa ugani anaweza kukisoma, na mkulima anajua kabla hajanyunyiza dawa. Asiyeweza kukitimiza anapanda kitu kingine. YouTube, kwa upande wake, imefanya jambo linalofanana na hilo: Tanzania imo katika mpango wake, na kijana anajua tangu mwanzo kwamba ili apate mgawo kamili wa matangazo anatakiwa kuwa na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika mwaka, au idadi iliyowekwa kwa video fupi, na kwamba malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Ni masharti mazito, hasa kwa anayesubiri barua ya uthibitisho kupitia sanduku la posta la shule au la kanisa kwa kuwa hana lake. Hata hivyo yanasomeka, na mtu akishindwa ameshindwa kwa haki.

Ufichaji unazaa maovu mengine. Kijana aliyekataliwa malipo hakubali kirahisi kupoteza dola zake. Anashauriwa aweke programu ya kuificha simu yake ionekane iko Marekani, au anunue akaunti ya mtu wa nchi inayoruhusiwa. Mara nyingi mitambo ya kampuni inagundua, akaunti inafungwa, na salio linachukuliwa kwa hoja kwamba amevunja masharti. Hapo hata kwa kulalamika hana mahali.

Wamezuka pia madalali. Huyu anadai ana ndugu London atakayepokea malipo na kuyatuma kwa simu, akikata fungu lake. Yule anauza "akaunti zilizothibitishwa" kwa fedha taslimu. Mwingine anataka picha ya kitambulisho cha taifa na namba ya siri ya barua pepe. Wanaostawi hapo ni watu wale wale waliostawi kwenye rumbesa: wanaokaa katikati ya mtu asiyejua vipimo na mnunuzi asiyeonekana. Tofauti ni kwamba gunia la rumbesa mkulima alikuwa akiliona kwa macho.

Serikali haiwezi kusema jambo hili liko mbali nayo. Mwaka 2018 ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu alipie leseni. Mwaka 2022 ilianzisha kodi ya asilimia 2 kwenye mapato ya kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali nchini. Mwaka 2024 ikaongeza zuio la asilimia 5 kwenye malipo ya watengenezaji wa maudhui. Yote hayo yalikuwa ya kuchukua. Kampuni ya nje inayojisajili kwa Mamlaka ya Mapato ili ilipe kodi hiyo ina anwani, ina mtu wa kuandikiwa, na ina biashara isiyotaka kuipoteza. Mlango wa mazungumzo upo tayari.

Kinachotakiwa kudaiwa hapo hakihitaji bajeti. Kila kampuni inayowaandikisha Watanzania kufanya kazi au kutengeneza maudhui kwa ahadi ya malipo iwajulishe, kabla ya kuchukua kitambulisho chao, kama mtu aliyeko Tanzania analipwa, kwa njia gani na kuanzia kiasi gani. Mistari mitatu inatosha. Isiyofanya hivyo itajwe hadharani, kama wanavyotajwa wauzaji wa mbegu bandia.

Benki Kuu nayo ina sehemu yake. Huduma za fedha kwa simu zilizoanza nchini mwaka 2008 zimefika mahali ambapo benki hazijafika, na zimeunganishwa na kadi za kimataifa ili mteja aweze kulipa nje. Kasi ile ile iwekwe katika kupokea. Nchi inayolalamika kila mwaka kuhusu uhaba wa dola haina sababu ya kurahisisha fedha kutoka huku ikiacha njia ya kuingia ikiwa nyembamba kwa mtu wa chini. Mazungumzo na kampuni za malipo yafanywe na Benki Kuu, si na kijana mmoja mmoja kupitia barua pepe.

Wakati hayo yakisubiriwa, anayetaka kujaribu kazi hizi aanzie mwisho. Asifungue ukurasa wa kujiandikisha kabla hajaona ukurasa wa malipo. Atafute jina la nchi yake katika orodha. Kama orodha haionekani mpaka mtu ajiandikishe, hiyo peke yake ni dalili mbaya. Aangalie kiwango cha chini cha kutoa, kisha makato. Akishaanza, atoe kiasi cha kwanza kidogo kinachoruhusiwa, hata kama makato yanauma, ili ajue kama njia inapitika kabla hajaweka miezi yake humo. Mfanyabiashara anayempelekea mnunuzi mpya gunia moja kwanza kabla ya lori zima anafanya hivyo hivyo.

Wazazi nao wasiuze mahindi Julai kwa bei ya kutupa ili kununua kompyuta kwa ajili ya kazi ambayo hakuna aliyewaonyesha ujumbe wa simu wa malipo yaliyopokelewa. Si picha ya salio kwenye akaunti, ambayo hata kijana wa Mbozi alikuwa nayo. Ni ujumbe wa fedha iliyoingia, wenye tarehe na jina la mpokeaji, kutoka kwa mtu anayeishi wilaya hiyo hiyo na anayetumia mtandao huo huo wa simu.