Kulazimisha hesabu si kuifunza

Wasee wa Suna, tuongee ukweli. Mwaka wa 2025 wizara ilisema hesabu itakuwa ya hiari sekondari ya juu kwa wasiochukua sayansi. Watu wakapiga kelele, na Aprili Waziri Ogamba akairudisha kuwa lazima. Poa. Lakini nani ataifanya iingie kichwani?

Pita steji ya boda pale Migori. Jamaa aliyepata E ya hesabu anapiga mkeka wa timu tano bila kalkuleta! Mwalimu angeanzia hapo: timu tatu, kila moja inalipa mara mbili, unaweka soo, unangoja 800. Tamu, sindio? Sasa hata kila timu ikiwa na nafasi nusu kwa nusu, zote tatu zinashinda mara moja tu kati ya nane. Na kampuni haikupi hiyo nusu kamili, lazima ikate yake. Hilo ndilo somo la uwezekano, na hakuna mtu amesinzia. Pengine hata kuna pesa ya fare imeokoka.

Wazee wetu walikuwa na ajua: kuhesabu, kupanga, kusoma mawazo ya mwenzako. Trei ya mayai na maharagwe vinatosha kuicheza. Shule gani hapa kwetu imejaribu? Nitag, nakuja na kamera.