ILANI NYEKUNDU SI HUKUMU



Limezuka neno katika madago ya wavuvi hapa Mwera, Pangani, na hapana shaka limekwisha kuvuka bahari likafika Pemba na Unguja. Neno lenyewe ni kwamba mwanachama atakayesema sana ataandikwa Interpol, na akisha kuandikwa hana tena pa kukanyaga duniani. Neno hili hupandwa na wasioutakia kheri umoja wetu, na hupaliliwa na sisi wenyewe kwa kutojua. Limewafanya watu wazima wakatae kuhudhuria mikutano. Basi tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kama lilivyo.

Interpol ni umoja wa polisi wa nchi 196, na makao yake makuu yako Lyon, Ufaransa. Hauna askari wake wa kukamata mtu, wala hakimu, wala jela. Kila nchi ina afisi moja ya kupeleka na kupokea khabari. Zanzibar haina afisi yake, kwa kuwa polisi ni jambo la Muungano. Khabari zetu hupitia Dar es Salaam. Kwa hivyo anayekutisha kwamba Unguja itakutolea ilani ya Interpol uliyeko Mwera anakudanganya mchana kweupe. Ilani hiyo ni ya kuvuka mipaka ya nchi, na baina ya Unguja na Mwera hapana mpaka wa namna hiyo.

Wala hatusemi haya kwa kujipumbaza. Mwaka 1969 Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff walitolewa Bara wakapelekwa Unguja, nao wakauawa. Mwaka 1972, baada ya kuuawa Rais Karume, Mwalimu Nyerere alikataa kumpeleka Abdulrahman Babu Unguja, lakini akamweka kizuizini Bara mpaka 1978. Katika yote hayo haikuhitajika karatasi ya Lyon. Khatari ya ndani hupiganiwa kwa Katiba na mahakama za ndani, na asiichanganye mtu na khatari ya nje.

Ama Ilani Nyekundu yenyewe ni ombi. Nchi moja huziomba nyengine zimtafute mtu na kumzuia kwa muda, ili mahakama iangalie kama arejeshwe. Kila nchi huamua kwa sharia zake ombi hilo lina uzito gani. Lazima pawe na hati halali ya kukamatwa au hukumu ya mahakama. Kosa la anayetakiwa kushtakiwa lazima liwe ni lenye kifungo kinachoweza kufika miaka 2 au zaidi. Na aliyekwisha kuhukumiwa, kifungo chake kisipungue miezi 6. Na Kifungu cha 3 cha Katiba ya Interpol kinakataza katakata kujiingiza katika mambo ya siasa, ya kijeshi, ya dini au ya rangi za watu.

Jee, katazo hilo hutimizwa daima? La. Hakeem al-Araibi, mchezaji mpira wa Bahrain aliyepewa ukimbizi Australia, alikamatwa Bangkok Novemba 2018 kwa ilani iliyoombwa na Bahrain ile ile aliyoikimbia, na hali kanuni za Interpol zenyewe zinamkinga mkimbizi na nchi aliyoikimbia. Ilani ilifutwa baada ya siku chache, lakini yeye alikaa jela mpaka Februari 2019, baada ya wanasharia na wachezaji wenziwe kupiga kelele dunia nzima. Waliovuka kwenda Shimoni mwaka 2001, baada ya mauaji ya Januari, na waizingatie khabari hii: karatasi ya ukimbizi si ya kutupwa sandukuni.

Tena si kila kiitwacho chekundu hutoka Lyon. Januari 2020 Miguna Miguna alizuiliwa Ulaya kupanda ndege ya kurudi Kenya, ingawa Mahakama Kuu ya Nairobi ilikwisha kuamuru aachiwe aingie. Kilichomzuia ni tahadhari ya Serikali ya Kenya kwa mashirika ya ndege, na makusudio yake yalikuwa kumweka nje ya nchi yake. Alirudi Oktoba 2022, baada ya Serikali kubadilika.

Anayedhani ameandikwa afanye nini? Aiandikie Kamisheni ya Kudhibiti Mafaili ya Interpol, huko huko Lyon, yeye mwenyewe au kwa wakili mwenye hati ya uwakilishi. Hakuna ada. Hutiwa saini, na hufuatanishwa na nakala ya kitambulisho. Kwanza aombe kujua yaliyoandikwa juu yake. Kwa kanuni zilizoanza 2017, jawabu hiyo ina muda wa miezi 4 tangu ombi kukubaliwa. Kisha aombe yafutwe, akiambatisha hukumu, karatasi ya ukimbizi na ushahidi kwamba kesi ni ya siasa. Hapo muda ni miezi 9. Uamuzi wa Kamisheni unaifunga Interpol. Na asijitulize kwa kutoliona jina lake katika orodha ya hadharani, kwani ilani nyingi hazitangazwi.

Tunakiri ila zake. Miezi 9 ni mingi kwa aliyeko kifungoni. Nchi iliyolalamikiwa yaweza kuomba hoja zake zisionyeshwe mlalamikaji. Lugha zinazopokelewa ni Kiingereza, Kifaransa, Kispanyola na Kiarabu, Kiswahili hakimo. Lakini Kiarabu tunacho visiwani, na wanaokijua hawakosekani katika tawi lolote.

Wala chama hiki hakimtetei mwizi. Félicien Kabuga, aliyetakiwa kwa mauaji ya halaiki ya Rwanda, alikamatwa Ufaransa mwaka 2020 baada ya kutafutwa zaidi ya miaka 20, na hatuna chozi la kumlilia. Tunachokataa ni chombo cha kukamatia wauaji kugeuzwa kiboko cha kuwachapia wasemaji.

Basi tunawataka viongozi wetu waache kutoa pole na waanze kazi. Kila tawi liweke nakala za hukumu na vitambulisho vya wanachama walioshitakiwa, na makao makuu yamteue mwanasharia wa kushughulikia barua za Lyon. Na wewe mwanachama, atakayekuletea neno la "Interpol" muulize: hati ya mahakama gani, ya tarehe gani, kwa kosa gani? Akikosa jawabu, nenda zako mkutanoni.