Timu Yetu ya Basketi: Tusiazime Watu wa Kutufungia



Jumamosi ile tulipopigwa na wageni wetu wa Kirumba 31 kwa 14, nilisikia maneno mengi kando ya kiwanja. Mama mmoja mwenye kuuza ndizi alisema: "Hii batoto banakimbia mingi, lakini mupira haiingie." Tangu siku ile watu wamenieleza mchezo wetu kwa nusu saa nzima, wala hakuna aliyefika mbali kuliko mama huyo.

Ni watoto kweli. Juni 2024, vita vilipofika hapa Kanyabayonga, jamaa nyingi zilikimbia kuelekea Kayna, Lubero na Butembo, na wachezaji wetu wakubwa wakatawanyika pamoja nazo. Wengine walirudi, wengine wakaendelea na masomo kule walikofika. Waliorudi nao wamekwisha kupata diploma yao na kwenda. Leo katika wachezaji kumi tulio nao, wafinalisti ni wawili tu, na mimi ni mmoja wao. Wanaobaki wako darasa la nane na mwaka wa kwanza wa humanite, wengine sauti zao bado ni za kitoto.

Lakini utoto peke yake hauelezi jambo hili, kwani wiki mbili mbele ya hapo watoto walewale, kwenye kiwanja kilekile cha udongo, walitia pointi 38 na kushinda. Hiyo njo inaumiza watu. Timu ambayo haijui kitu, mtu anaivumilia. Timu ambayo inajua leo na kesho imesahau, hiyo inachokesha.

Kwa mechi ya Kirumba nilimpa mtoto mmoja wa darasa la saba daftari, aandike kila mpira unaorushwa kikapuni, nani ameurusha, na pasi ngapi zilitangulia. Alifanya kazi yake bila kuogopa mkubwa. Tulirusha mara 33, mara sita ikaingia. Katika hizo 33, mara 15 ni mimi niliyerusha, nikatia tatu. Mbele ya kurusha kulikuwa pasi moja, au hakuna. Mitupo huru tulipata 11 na tukatia miwili, yaani pale ambapo hakuna adui mbele yako, hakuna mrefu wa kukuzuia, na mwamuzi mwenyewe amekupa mpira mkononi.

Ile siku ya pointi 38, mimi nilikuwa kitandani na malaria. Sikupenda kuandika neno hili, lakini daftari iko pale, na mwenye kutaka anaweza kuiomba.

Nikajiuliza, nini ilikuwa tofauti? Wale waliocheza wameniambia: kwa kuwa mkubwa hakuwapo, hakuna mtu aliyejua mpira umpelekee nani, basi wakapelekeana wote. Mimi nikiwapo, wananitafuta. Mpira unafika kwangu, wanne wanasimama kutazama kama watu wanaongoja lori barabarani. Wakirumba walielewa mapema. Waliniwekea watu wawili, mambo yakaisha. Siku ambayo mkono wangu ni mzuri tunaonekana timu. Siku ambayo ni mbaya tunaonekana kichekesho. Kukosa uthabiti kwetu kunatoka hapo.

Tukumbuke mchezo wenyewe ulivyoanza. Desemba 1891, huko Springfield nchini Marekani, mwalimu James Naismith wa chuo cha Y.M.C.A., chama cha vijana Wakristo, alikuwa na darasa la vijana 18 wenye kusumbua, na nje kulikuwa baridi. Akapigilia vikapu viwili vya matunda kwenye roshani, akawagawa tisa kwa tisa. Mechi ile ya kwanza iliisha 1 kwa 0. (Basi mwenye kutucheka kwa 14 awaonee huruma wale pia.) Katika sheria zake 13 alikataza kukimbia na mpira: aliyeushika aurushe kutoka pale alipo. Kudundisha kulikuja nyuma. Pasi ilikuwapo tangu siku ya kwanza, na sisi njo kitu tumeacha. Tena kiwanja chetu kinatusaidia kuelewa: mvua ikinyesha, mpira ukidundishwa kwenye matope haurudi mkononi, unabaki pale kama jiwe. Pasi haigusi matope.

Na kikapu si kidogo kama tunavyosema. Chuma kina upana wa santimeta 45, mpira ni santimeta 24 hivi. Karibu mipira miwili ingepita pamoja. Lakini chuma kiko mita 3 na santimeta 5 juu, na anayerusha mpira wa kulala, mlango unakuwa mwembamba mbele yake. Anayeupandisha juu halafu ushuke, mlango unafunguka. Watoto wetu wanarusha mpira wa kulala kwa sababu wanaogopa kuzuiwa, na kwa sababu hawajarusha vya kutosha bila mtu mbele yao.

Hapo nafika kwenye mazoezi. Sisi wavulana tunafanya mazoezi wiki ya mechi tu. Mechi ikipita, mmoja anaenda kuteka maji, mwingine shamba, mwingine anasema mpira umefungiwa kwa ofisi. Ni kweli tuna mpira mmoja. Lakini dada zetu nao wana huohuo mmoja, na kila siku ya pili na ya nne nawaona uwanjani nyuma ya masomo, hata manyunyu yakianguka. Hawana mtu mrefu, wala mwenye jina. Wanatia pointi karibu zilezile kila mechi, na hakuna anayewasifu. Mwanzoni mimi pia sikuwasifu.

Sasa kuna shauri linalotembea mabwenini: mechi ya marudio kule Kirumba, tuazime vijana watatu waliokwisha kumaliza masomo, tuwape majina ya wanafunzi kwenye liste, watufungie. Wananiambia: "Mukubwa, weye njo unaandika liste, nani atajua?"

Nani atajua? Mimi nitajua, kwani nimekwisha kufanya. Mwaka uliopita niliandika jina la mwanafunzi na nikamvalisha nambari yake rafiki yangu wa mtaani. Alicheza vizuri, tukashinda, tukaimba njia nzima. Kesho yake alirudi kwa kazi yake, na timu haikubaki na kitu chochote alichojifunza mtu. Mwenye jina lile alikaa nje siku ile, akitazama mwingine akiitwa kwa jina lake. Hakurudi tena mazoezini. Leo yuko hapa masomoni, na njo mrefu kuliko sisi wote. Nimemwomba msamaha. Bado hajasema kama atarudi.

Wengine watasema: heshima ya shule je? Tutapigwa tena? Inawezekana. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alifika chuo cha Georgetown mwaka 1987 akiwa na nia ya kusomea udaktari, na mwaka wa kwanza hakuchezea timu ya chuo. Alianza mwaka wa pili. Mwaka 1991 alichaguliwa wa nne kati ya vijana wote walioingia N.B.A. mwaka ule. Kama mwaka ule wa kungoja wangeuhesabu kuwa hasara na kumtafuta mwingine, tusingemjua. Na tusiseme hayo ni ya Kinshasa na mbali: Jonathan Kuminga, aliyetwaa ubingwa wa N.B.A. mwaka 2022 pamoja na Golden State, alizaliwa Goma, katika jimbo letu hili.

Sisemi kwamba kwetu kuna Mutombo. Nasema watoto hawa wanane watabaki hapa miaka miwili, mitatu, na sisi wafinalisti tukimaliza mtihani wa serikali hatuko nao tena. Tukicheza mahali pao sasa, watajifunzia wapi?

Nimekwisha kusema na mwalimu wa michezo. Mazoezi ni siku ya pili na ya nne, saa tisa, pamoja na wasichana, nusu kiwanja kwa nusu. Kila mtu mitupo huru 20 mbele ya kwenda nyumbani, na yule mtoto wa darasa la saba ataandika. Liste ya Kirumba nitaiandika mwenyewe, majina ya wanafunzi peke yake. Jina langu liko chini kabisa. Robo ya kwanza na ya pili nitakaa kando nikishika daftari, na yule mrefu, kama atakubali, nambari yake nimeiacha wazi.

Mkubwa wa wanafunzi, darasa la mwisho