Dau la jozi ni hongo isiyofungua njia

Haya wandugu, leo tuzungumze habari ya kamari, lakini sio kwa upande wa dhambi na haramu. Hayo mashehe na wachungaji wanayaweza kuliko mimi. Mimi nataka tupige hesabu tu.

Kuna neno moja ambalo watu wa Tabora tunapaswa kulielewa kuliko Watanzania wengine wote: hongo. Siku hizi maana yake ni rushwa. Zamani, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika kwetu Unyanyembe na kuendelea mpaka Ujiji, hongo ilikuwa ushuru wa njia. Msafara ukiingia kwenye nchi ya mtemi, mizigo inafunguliwa, merikani na kaniki zinapimwa, shanga zinahesabiwa, watu wanajadiliana wee mpaka mwenye nchi aridhike. Burton na Speke waliopita mwaka 1857, na Stanley aliyepita mwaka 1871, wote wameililia hongo ya Ugogo kwenye vitabu vyao. Lakini tuseme ukweli jamani, aliyelipa hongo alipata kitu. Alipata ruhusa ya kupita, na katika nchi kavu kama ile, alipata na maji.

Sasa nauliza: anayeweka dau la jozi anapata nini?

Kwa wasioujua, nauzungumzia mchezo wa karata wa ishirini na moja, ambao kwenye kasino wanauita blakijeki. Unapewa karata mbili, unajaribu kukaribia 21 bila kuzidisha, unashindana na mgawaji. Humo ndani kuna kufikiri kidogo: uongeze karata au ubaki na ulizo nazo. Na wala huhitaji tena kupanda treni kwenda kutafuta kasino Dar es Salaam, simu yako inatosha.

Pembeni ya dau lako la kawaida kuna kiduara kingine kidogo. Hilo ndilo dau la pembeni, na mojawapo ya yale maarufu ni lile linaloitwa Perfect Pairs. Unaweka hela kabla karata hazijagawiwa, ukibashiri kwamba mbili zako za kwanza zitakuwa jozi. Malipo hutofautiana meza kwa meza, lakini mengi yanafanana na haya: ukipata nane ya kopa na nane ya pau, yaani jozi ya rangi tofauti, unalipwa 6 kwa 1. Nane ya kopa na nane ya uru, zote nyekundu, 12 kwa 1. Nane ya kopa na nane ya kopa nyingine, maana pakiti zimechanganywa kadhaa, 25 kwa 1.

Ishirini na tano kwa moja! Unaweka 1,000 unapata faida ya 25,000. Nani asiyetamani?

Haya, tuchukue kalamu. Tuseme zimechanganywa pakiti 6, ni karata 312. Ya kwanza umeshapewa, zimebaki 311. Kati ya hizo, zinazofanana na yako kwa kila kitu ni 5. Zenye namba ileile na rangi ileile lakini za aina tofauti ni 6. Zenye namba ileile na rangi tofauti ni 12. Jumla ni karata 23 za kukupa jozi, na karata 288 za kukunyima.

Cheza mara 311, kila mara 1,000 kwenye kiduara kile. Kwa wastani, jozi kamili 5 zitakupa 125,000. Za rangi moja 6 zitakupa 72,000. Za rangi tofauti 12 zitakupa 72,000 nyingine. Jumla umevuna 269,000. Lakini mara 288 umeliwa, yaani umetoa 288,000. Umerudi nyumbani na hasara ya 19,000. Na kuna meza zinazolipa 11 kwa 1 kwa jozi yoyote ile. Hapo mambo ni mabaya zaidi: unavuna 253,000, unatoa 288,000, hasara 35,000.

Linganisha na mchezo wenyewe. Mtu anayejua kuucheza vizuri, kwenye meza yenye masharti ya kawaida, anapoteza kama nusu ya asilimia moja ya anachoweka. Kwa dau lilelile la 1,000 mara 311 ni kama 1,500 hivi. Kwa hiyo kile kiduara kidogo cha pembeni kinamla mara kumi na mbili ya mchezo mkubwa, na kwenye meza ya 11 kwa 1 zaidi ya mara ishirini. Halafu kinaitwa nyongeza ya burudani!

Ubaya mwingine ni kwamba ujuzi wako wote hauna kazi pale. Kwenye ishirini na moja unaamua. Kwenye jozi, ukishaweka hela umemaliza, karata mbili zikilala mezani kesi imefungwa. Mtemi wa Ugogo ulikuwa unaweza kubishana naye akapunguza. Hiki kiduara utabishana nacho vipi?

Najua nitaambiwa, "mtu mzima ana hiari yake". Sawa kabisa. Lakini hiari bila taarifa ni hiari gani? Kichwa cha mtu kinasikia 25, hakisikii 311. Wenye kasino wanalijua hilo, ndiyo maana 25 imeandikwa kwa herufi za dhahabu na 311 haikuandikwa popote. Nitaambiwa pia kwamba serikali inapata kodi. Kodi hiyo haidondoki kutoka mbinguni, inatoka kwenye elfu moja ya kijana wa bodaboda ambaye jioni anadaiwa hesabu na bosi wake.

Mkulima wa Tabora anaelewa habari ya mizani. Tumepigana miaka na miaka na lumbesa, tukasema gunia lijulikane uzito wake, na tuna Wakala wa Vipimo kwa kazi hiyo. Kwa nini basi mnunuzi wa mahindi abanwe apime, halafu muuza bahati aachwe auze kwa kukadiria?

Tunayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na tunayo Bodi inayoisimamia. Sheria inakataza watoto chini ya miaka 18 kucheza, jambo jema. Mimi nataka na hili: pembeni ya kila dau, kwenye meza na kwenye simu, iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama zile za malipo, kwamba "kwa kila shilingi 1,000 unayoweka hapa, kwa wastani sisi tunabaki na shilingi 61". Kwenye meza ya 11 kwa 1 waandike 113. Kwenye mchezo wenyewe waandike 5, kwa anayejua kucheza. Kampuni inayo namba hiyo tayari, isingeweza kupanga malipo bila kuijua. Wino wa kuiandika ni shilingi ngapi?

Na nyie waandishi wenzangu mnaopiga picha za washindi na hundi zao kubwa kama mlango, muulizeni basi anayeitoa hiyo hundi amekusanya kiasi gani kwa wasiopigwa picha. Hilo nalo ni swali la habari.

Januari 1958 TANU walikutana hapahapa Tabora kuamua kama waingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambao masharti yake waliyachukia wote. Walibishana, wakayapima masharti, wakaingia, wakashinda. Tunauita Uamuzi wa Busara. Wale waliyajua masharti kabla ya kuamua. Kijana wa Tabora leo anaombwa aamue kwanza, masharti atayajua salio likiisha.

Bodi, kazi kwenu. Nawasilisha.