Kasongo–Kabambare: Mfuko wa mkononi, kontroli ya ndege na falanga zisizo na risiti

Mtu wa Kabambare anayesafiri kwa ndege anaanza safari mbali kabisa na ndege. Anapanda pikipiki hadi Kasongo, analala kwa ndugu, kesho yake anashika barabara ya Kindu: zaidi ya kilomita 200, matope wakati wa mvua, vumbi wakati wa kiangazi, na Lualaba ya kuvuka. Akifika kwenye kiwanja cha ndege amechoka, feza imepungua, na mfuko wake una kila kitu: chupa ya mawese ya shangazi, asali, dawa za mgonjwa, tochi, kisu cha kumenyea matunda, betri za telefoni. Hapo kwenye meza ya kontroli ndipo anaposikia: "Mama, hii haipiti."

Neno hilo linaweza kuwa na maana mbili. Linaweza kuwa sheria, na linaweza kuwa mwanzo wa kuombwa falanga. Asiyejua sheria hawezi kuzitofautisha. Ndiyo maana tunaona jambo la kupanga mfuko si jambo dogo la wasafiri wakubwa wa Kinshasa. Linatuhusu sisi pia.

Kwa nini tuseme leo

Mwezi wa Januari 2025 vita ilifunga kiwanja cha Goma, na Februari kile cha Kavumu, karibu na Bukavu, kikafuata. Wengi wa kusini mwa Maniema waliokuwa wakipitia Kivu kwa biashara, masomo au matibabu walijikuta na njia chache, na Kindu ndio mlango wa karibu. Wanaopanda ndege kwa mara ya kwanza wapo, na mara nyingi ni mtu anayemsindikiza mgonjwa. Akipoteza dawa au saa mbili kwenye kontroli, hasara yake si ya kucheka.

Sheria zenyewe zinatoka wapi

Kongo ni mwanachama wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, lile tunalolisikia kwa jina la OACI, na ina sheria yake ya usafiri wa anga ya tarehe 31 Desemba 2010. Makatazo mengi tunayokutana nayo hayakuzaliwa Kindu wala Kinshasa.

Chukua vitu vya maji. Mwezi wa Agosti 2006 polisi ya Uingereza iligundua mpango wa kulipua ndege kwa baruti ya maji iliyofichwa ndani ya chupa za vinywaji. Tangu hapo, kwenye safari za kimataifa, kila chupa ya mkononi isizidi mililita 100, na chupa zote ziingie katika mfuko mmoja unaoonyesha ndani, wa litri moja. Viwanja kadhaa vya Ulaya vyenye mashine mpya vimeanza kulegeza, lakini usitegemee hilo kama utabadilisha ndege njiani. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chupa: chupa ya nusu litri yenye mawese kidogo chini inakataliwa vilevile. Asali, karanga za kusaga na mafuta ya kupaka, yote yanahesabiwa kama maji. Dawa za mgonjwa na maziwa ya mtoto vina ruhusa yake, ila viambatane na karatasi ya daktari au mtoto mwenyewe aonekane.

Betri nazo ni kinyume cha wengi wanavyofikiri. Huku kwetu, ambako umeme ni wa jua au wa jenereta, karibu kila msafiri ana pawabanki. Wengi wanaificha ndani ya valizi kubwa inayoenda chini ya ndege, na hapo ndipo kosa. Betri ya aina hiyo ikishika moto chini, hakuna mtu wa kuuzima mara moja. Ikishika moto juu, wahudumu wanaiona. Kwa hiyo pawabanki inabebwa mkononi tu, na isizidi wati-saa 100. Ile iliyoandikwa 20 000 mAh ina takriban wati-saa 74, kwa hiyo ukubwa wake unakubalika. Iliyofutika maandishi inaweza kukataliwa, maana ajenti hana pa kusoma.

Vitu vya machimbo

Hapa Kabambare ina hatari yake ya peke yake. Anayetoka Namoya au Salamabila anaweza kuwa na zebaki, ile merkiri ya kukamatia dhahabu. Zebaki hairuhusiwi mkononi wala kwenye valizi. Si kwa sababu ya sumu peke yake: ikimwagika inakula aluminiamu, na sehemu kubwa ya mwili wa ndege ni aluminiamu. Kichupa kidogo tu kinaweza kuharibu ndege nzima bila mtu kujua. Vilevile baruti, asidi ya betri, petroli, hata bidoni tupu yenye harufu ya petroli.

Na dhahabu yenyewe? Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika zaidi ya mara moja kwamba dhahabu ya mashariki mwa Kongo inatoka nchini kwa magendo, na nyingine inasafiri ndani ya mifuko ya mkononi mpaka Dubai. Madini hayo mazito yanaonekana wazi kwenye mashine. Mwenye dhahabu asafiri na karatasi za serkali. Na wewe usiye na dhahabu, usikubali kamwe kifurushi cha mtu ambacho hukukifunga mwenyewe, hata akiwa mwana wa kijiji chenu. Mbele ya ajenti, mfuko ni wa anayeubeba.

Mamba wa Bandundu

Kuna wanaosema kontroli ni ya kusumbua watu tu. Tukumbuke tarehe 25 Agosti 2010. Ndege ndogo aina ya Let 410 ya kampuni ya Filair, kutoka Kinshasa, ilianguka Bandundu ikiwa karibu kutua. Watu 20 kati ya 21 walikufa. Yule mmoja aliyepona alieleza kwamba mamba aliyefichwa ndani ya mfuko wa abiria alitoka, watu wakakimbilia mbele kwa hofu, na ndege ikapoteza usawa. Maelezo hayo yamebishaniwa. Lakini anayejua ndege ndogo anajua kwamba uzito ukihama ghafla ni hatari kweli. Ndiyo maana kwenye ndege hizo hata abiria mwenyewe anapandishwa kwenye mizani pamoja na mfuko wake.

Sheria au falanga?

Sasa turudi kwenye meza. Kipimo ni rahisi na kila msafiri anaweza kukishika kichwani: kitu kilichokatazwa hakigeuki kuwa halali kwa falanga, na kitu kilichoruhusiwa hakiombewi falanga. Kama ni zebaki, ibaki. Kulipa ili ipite ni kuhatarisha wote walio ndani. Kama ni dawa yenye karatasi, au pawabanki ya wati-saa 74, hakuna cha kulipa. Katika hali zote mbili, feza ya mkono kwa mkono haina nafasi.

Malipo halali yapo, na yanajulikana: bileti, uzito unaozidi, na Go-Pass iliyoanza mwaka 2009. Yote yana risiti. Kwa anayevuka mpaka, dekreti ya Machi 2002 ilitaja huduma nne tu zenye haki ya kufanya kazi kwenye mipaka: forodha, uhamiaji, ukaguzi wa bidhaa (OCC) na afya. Mtu wa huduma ya tano akifungua mfuko wako, una haki ya kuuliza kwa upole anafanya kazi gani hapo.

Ni kweli, kujua sheria hakumalizi usumbufu. Ajenti asiyelipwa vizuri atatafuta njia, na hilo ni deni la serkali, si la mama mwenye mfuko. Lakini mfuko uliopangwa unampunguzia maneno. Basi kabla ya kutoka nyumbani:

– Weka juu, pahali pamoja: bileti, karte ya uchaguzi au pasipoti, karte ya chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka nchini, na karatasi za dawa.
– Mawese, asali, kisu na panga viende kwenye valizi ya chini, vimefungwa sawasawa.
– Pawabanki, telefoni, feza na dawa visitoke mkononi mwako.
– Pima mfuko kwenye mizani ya sokoni Kasongo, kusudi usipimiwe mara ya kwanza Kindu, ambako hakuna wa kumwachia mzigo.
– Ukiombwa kulipa, omba risiti kwanza. Sema kwa heshima, na sema kwa sauti ya kusikika.