Kabla Ufute, Angalia Bakapu Kama Ipo

Wasee, skripti ya kurudisha data ambayo haiangalii kwanza kama bakapu ipo ni mtego umejitegea mwenyewe.

Mimi niliacha chuo, nikarudi hapa Ishiara kupiga video za harusi na ruracio. Usiku mmoja niliendesha skripti yangu. Mstari wa kwanza ukafuta folda ya zamani. Wa pili ukaenda kutafuta bakapu kwenye hadidiski. Kumbe sikuwa nimeichomeka. Ruracio nzima ya watu ikaenda, na ilibidi nimpigie simu mama ya bibi harusi.

Usinicheke. Januari 31, 2017, fundi wa GitLab alifuta data ya seva kuu kimakosa. Bakapu zao za kila siku kumbe hazikuwa zinaandikwa, na barua pepe za kuonya hazikuwa zinawafikia. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi alikuwa ameichukua kwa mkono saa 6 hivi kabla.

Dawa ni mstari mmoja, juu ya rm:

[ -s "$bakapu" ] || exit 1

-f inauliza tu kama faili ipo. -s inauliza kama ipo na ina kitu ndani. Mimi natumia -s, juu faili tupu pia "ipo". Kama unahitaji faili 3, kagua zote 3 kabla hujagusa hata moja.

Najua kuna mtu atasema yeye hukumbuka kuchomeka hadidiski kila siku. Hata mimi nilikuwa nakumbuka.