Sauti Yetu Ndani ya Kaseti



Ndugu zetu wasomaji, Shaaban iliyopita tulikuwa tunasafisha nyumba kuipokea Ramadhani, tukakuta boksi la kaseti nyuma ya kabati. Nyingi zilikuwa za Qur'ani kwa sauti ya Sheikh Abdul-Basit Abdus-Samad, nyingine za mawaidha na kasida. Moja ilikuwa na mwandiko wetu wenyewe: "Kwa Bibi, Kigoma, 1989."

Vijana wa leo wanaijua kaseti kwa kuisikia tu. Kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963 na watu wengi duniani waliitumia kwa muziki, lakini kwetu hapa Buyenzi, Bujumbura, ilikuwa pia barua. Bibi alisoma Qur'ani vizuri sana ila herufi za Kizungu hakuzijua, na simu ilikuwa ya wenye uwezo. Basi tulikaa mbele ya redio kaseti, tukabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, tukazungumza. Kaseti akapewa msafiri wa Kigoma. Bibi alipofariki, Allah amrehemu, ilirudi kwetu pamoja na vitu vyake. Alikuwa ameitunza miaka yote hiyo.

Tuliazima redio kwa jirani, tukaukaza utepe kwa penseli kama zamani, tukakaa sebuleni na wajukuu. Furaha iliyoje! Salamu ndefu, habari za mvua, bei ya mchele, nani kaoa na nani kajifungua. Nyuma yake adhana inasikika, na jogoo ambaye hakuna anayemkumbuka.

Kisha ikasikika sauti ya mtoto: "Na mimi nataka kumwambia Bibi..." Hakumaliza. Sauti yetu ikamkata: "Nyamaza wewe! Huna la kusema!" Halafu, bila hata kuvuta pumzi, sauti ile ile ikarudi laini kama asali: "Ee mama, kama tulivyokuwa tunasema..."

Mtoto yule sasa ni baba wa watoto watatu, na alikuwa amekaa hapo hapo. Alicheka kidogo, kisha akasema taratibu: "Hayo ndiyo maneno ninayowaambia wanangu."

Ndugu zetu, tungeulizwa siku moja kabla, tungeapa kwamba tulikuwa wazazi wapole. Tumezoea kuwaambia vijana kwamba zamani malezi yalikuwa malezi. Na linalotuuma zaidi ni hili: kila kaseti tuliisikiliza kabla ya kuituma, tuone kama imeshika. Kwa hiyo hata hii tuliisikiliza. Tukaiona sawa!

Allah Subhanahu wa Taala ametufundisha katika Suratu Qaf, aya ya 18, kwamba mtu hatamki neno ila yupo mwenye kulichunga na kuliandika. Na katika Suratul Israa, aya ya 13 na 14, kwamba kila mmoja atapewa kitabu chake kikiwa wazi na kuambiwa akisome mwenyewe. Aya hizi tumezisoma mara nyingi. Lakini siku hiyo, kwa kipande cha utepe cha sekunde chache tu, tulionja kidogo maana yake. Ikiwa kaseti moja imetuinamisha vichwa mbele ya mtoto wetu, itakuwaje siku ya daftari zima?

Rai yetu ni kwamba kukumbuka ya kale si vibaya, lakini tukiyakumbuka matamu peke yake tunajidanganya. Muhasaba ni kuusikiliza upande wa pili pia. Na mtu hajisikii vizuri akiwa peke yake; Mtume (S.A.W.) amemfananisha muumini na kioo cha muumini mwenzake. Kioo chetu siku hiyo alikuwa mtoto wetu.

Tulimwomba radhi mbele ya wanawe. Haikuwa rahisi, maana wazazi wa rika letu hatukuzoeshwa. Mjukuu mdogo akauliza: "Baba, ulitaka kumwambia nini Bibi?" Baba yake akafikiri, akasema hakumbuki tena.

Neno hilo halikutuacha tukalala. Kesho yake, baada ya Isha, tuliweka simu katikati ya mkeka na kila mtoto akamwelezea Bibi, ambaye hawakumwona, habari zake. Mmoja alimsimulia ndoto, mwingine alitunga kasida fupi ya beti mbili. Hatukujua kwamba nyumba hii ina mtunzi! Sharti lilikuwa moja: asikatizwe mtu mpaka amalize. Tangu hapo tunafanya hivyo kila Alhamisi usiku.

Nanyi mkiwa na kaseti za wazee, zitoeni. Vunjeni vile vijino viwili vya juu zisije zikafutwa kwa bahati mbaya, ziviringisheni taratibu, mtafute fundi azihamishie kwenye kompyuta kabla utepe haujaharibika. Kisha zisikilizeni na watoto, hata pale panapowaaibisha.

Ewe Mola, tusamehe kwa maneno tuliyoyakata vinywani mwa watoto wetu, na utujaalie tujihesabu kabla ya kuhesabiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.